Chachu ya Ubelgiji ndani ya togwa

Jana saa nne usiku nilikuwa jikoni natikisa chupa ya asali. Asali yenyewe iliisha zamani. Ndani kuna togwa iliyochujwa, pamoja na chachu ya bia. Kila nikipita naishika shingo, naizungusha mara nane tisa, naiacha. Mume wangu keshazoea. Mgeni aliyelala sebuleni ndiye aliyeuliza kama kuna mtoto mgonjwa anayetengenezewa dawa.

Napika bia yangu mwenyewe hapa Ipagala, ndoo ya lita 20 kwa mpigo, mwaka wa nne sasa. Hili la kuamsha chachu siku mbili kabla ya kupika nililidharau sana. Nililiona la watu wasio na madaftari ya kusahihisha. Kilichonitia adabu ni Novemba moja, pale pakiti ya chachu ya maji iliponijia kutoka Dar ndani ya buti la basi. Mnalijua joto la Novemba yetu kabla mvua haijafungua. Nikapika, nikapoza, nikamimina. Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu nikafunua ndoo, nikapokewa na harufu ya kabichi iliyolala. Nikaimwaga yote chini ya mwarobaini, na hopsi zangu za kuagiza, yale maua ya kutia bia uchungu, humo humo. Kuku wa jirani walikuja, wakainama, wakaondoka.

Chachu ilikuwa imekufa njiani, nami nikaja kujua wakati hasara imeshaingia. Ndiyo maana sasa siimimini kwenye ndoo kabla sijaiona ikihema kwenye chupa ndogo. Wengi watakwambia kianzio, yaani hiyo chupa ndogo, ni cha kuongeza idadi ya seli za chachu, na hesabu yao ni ya kweli: lita 20 za bia ya nguvu ya kawaida zinataka seli kama bilioni 180, na pakiti moja mpya huwa na bilioni 100 hivi, zinazozidi kupungua kila wiki. Lakini mimi idadi naihesabu baadaye. Kwanza nataka kujua kama iko hai. (Chachu kavu ya pakiti haina haja ya haya yote, ukiipata, inyunyize tu.)

Maelekezo ya wazungu yanasema gramu 100 za unga wa kimea kilichokamuliwa na kukaushwa kwa kila lita ya maji. Unga huo sijawahi kuuona duka lolote la Dodoma. Nilichokiona, soko la Majengo, ni kimea cha ulezi, na hapo ndipo nikajiona mjinga. Nimekunywa togwa tangu sijaota meno. Togwa ni nini kama si maji matamu ya kimea?

Basi nafanya hivi. Napika uji wa mahindi mzito, naupoza mpaka uwe wa moto lakini hauchemki, kipimajoto kikisoma 65, kisha natia kimea cha ulezi na kukoroga. Hapa huwa nasimama kuangalia hata kama nina haraka. Mwiko uliokuwa ukisimama wenyewe unaanza kulegea, uji unakuwa kama maji ndani ya dakika kumi, na ukionja ni sukari. Wanga umekatwakatwa na vimeng'enya vya ulezi. Nimewahi kukifundisha hicho kipindi kizima ubaoni na hakuna mwanafunzi aliyeinua kichwa. Siku niliyobeba sufuria darasani waligombania kijiko.

Nachuja kwa kitambaa, naongeza maji hadi haidromita, kile kipimo cha sukari iliyo ndani ya maji, isome 1.037 au karibu na hapo, kisha nachemsha dakika kumi na tano. Usiliruke hilo. Kimea kinakuja na bakteria wake wa uchachu, ndio wanaoipa togwa ile ladha ya siku ya pili, nasi hapa hatuwataki. Ikipoa namimina kwenye chupa, natia chachu, nafunika kwa foili bila kukaza. Kutikisa ni kwa ajili ya hewa: chachu inahitaji oksijeni ili ijenge utando wa seli mpya. Chupa ya kwanza niliipasua kwa kuitia togwa ya moto ikiwa ndani ya beseni la maji baridi. Mwalimu wa kemia huyo.

Chachu ya safari hii haikutoka kwenye pakiti. Mwenzangu alirudi kutoka Ubelgiji na chupa ya bia ya Chimay, ambayo chini yake hubaki chachu hai. Tulikunywa ya juu, nikabakiza kidole kimoja cha tope. Tope kidogo hivyo ukilitupa kwenye lita nzima litazidiwa, kwa hiyo nilianza na mililita 100 za togwa nyepesi, kisha nusu lita, kisha lita moja na nusu. Siku mbili za kwanza hamna kitu. Ya tatu togwa ikageuka kama chai ya maziwa, na foili ikaanza kuinuka. Harufu ya ndizi mbivu. Usiku mmoja kwenye friji, ikajitenga: juu maji ya rangi ya strungi, chini tabaka jeupe kama tui la kwanza. Yale ya juu naonja kidogo. Yakiwa makali kama siki, namwaga vyote.

Nilipompelekea mama mkubwa Kongwa kikombe kimoja, alicheka. Yeye mtungi wake haoshi kwa sabuni, na machicha ya pombe iliyopita ndiyo yanayoanzisha ijayo.

"Shikamoo mama, nimekuletea chachu ya Ulaya."

"Marahaba mwanangu. Inakula nini huko kwenu?"

"Togwa."

Akaimimina kwenye pombe yake ya mtama bila kuuliza zaidi. Jumapili akanipigia simu: imewahi kuumuka, wazee wamekunywa, lakini Mzee wa jirani anauliza nani katia ndizi.