Kitako cha Darubini Kimekaa Imara

Leo asubuhi ami yangu amenikabidhi bunduki yake ya upepo, anayoimiliki kwa kibali, ili nimfungie upya kitako cha darubini, yaani kishikizo kinachoishika darubini ya kulengea juu ya bunduki.

Kwanza tulihakikisha haina risasi.

Bunduki ya upepo ya springi huisumbua darubini kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu mshtuko wake huenda nyuma kisha hurudi mbele kwa nguvu, na kitako kilichoshikwa kwa skrubu peke yake huteleza taratibu katika mfereji wa milimita 11 ulio juu ya bunduki. Ndiyo maana kitako kina kipini cha kuzuia, kijiti kidogo cha chuma, ambacho lazima kiingie katika tundu lake juu ya bunduki.

Nilifuta mafuta na chumvi kwa spiriti, maana hewa yetu ya Unguja inakula chuma, nikatia tone la gundi ya buluu inayozuia skrubu kulegea, nikakaza kwa zamu, kidogo kidogo.

Kipini kilipozama tunduni, vidole vyangu vilikihisi kabla sijasikia mlio wowote.

Ami alikitikisa kitako kwa nguvu zake zote.

"Kimekaa, mwanangu."

Nimefurahi mno.

Ndugu zangu mnaotunza vyombo vya chuma karibu na bahari, nyinyi mnazilindaje skrubu zenu na kutu?