Jinsi besi ilivyonifungulia albamu ya Bill Withers iliyosahaulika

Kila mpigaji wa bendi za mahoteli hapa Pwani anamjua Bill Withers, mwimbaji wa soul wa Marekani, na wengi wetu tunamjua kwa nyimbo tatu. Kuna "Lean on Me", ambayo wageni huishikia mikono na kuyumba pamoja. Kuna "Ain't No Sunshine", ambayo huombwa na mtu aliyekaa peke yake kaunta. Na kuna "Lovely Day", yenye noti moja ndefu ya sekunde 18 ambayo mwimbaji wetu huiogopa hadi leo. Mimi ni mpiga besi. Nimezipiga hizo tatu Nyali, Bamburi, Shanzu na Diani mpaka vidole vinakwenda vyenyewe. Ninachotaka kueleza hapa ni albamu yake isiyo na hata mmoja wa nyimbo hizo, +'Justments ya mwaka 1974, na namna nilivyoizoea polepole hadi nikaipenda kuliko kazi zake nyingine zote.

Aliyenitajia ni mpiga drams wetu. Yeye humwita James Gadson, aliyempigia Withers drams, mwalimu wake, ingawa hawajawahi kuonana. "Msikilize Gadson kwenye ile ya 1974, kaka," aliniambia baada ya mazoezi. "Halafu uniambie kama kuna mahali amepiga kitu cha kujionyesha." Nikaitafuta usiku huohuo, nikaisikiliza kwa simu nikiwa kwenye matatu ya kurudi nyumbani. Haikunishika. Nyimbo zilipita bila kiitikio cha kubaki kichwani, moja ikaingia nyingine, na nilipofika nyumbani nisingeweza kukuimbia hata mstari mmoja.

Nadhani watu wengi huishia hapo na albamu hii. Withers mwenyewe aliwazoesha wasikilizaji kitu kingine. Alizaliwa mwaka 1938 Slab Fork, kijiji cha wachimba makaa ya mawe katika jimbo la West Virginia, akakua na kigugumizi, akatumikia jeshi la majini la Marekani miaka tisa. Albamu yake ya kwanza, Just As I Am, ilipotoka mwaka 1971, alikuwa amepita miaka 30 na alikuwa bado kibarua katika kiwanda cha vifaa vya ndege, akitengeneza vyoo. Picha ya jalada inamwonyesha hapo kiwandani, ameshika kisanduku chake cha chakula cha mchana. Mwaka uliofuata ikaja Still Bill, na "Lean on Me" ikafika nambari moja Marekani. Baada ya mafanikio kama hayo, soko hungoja nyimbo nyingine za kuimbwa na umati. +'Justments haikuwa na wimbo wa namna hiyo. Nyimbo zake zilipigwa kwenye redio za muziki wa Wamarekani weusi, lakini hakuna uliovuka ukawa wa dunia nzima.

Halafu kuna habari ya kampuni. Withers alikuwa chini ya Sussex, kampuni ya kutoa muziki ya Clarence Avant, ileile iliyotoa Cold Fact, albamu ya mwimbaji Rodriguez, mwaka 1970 ikapita kimya Marekani. Sussex ilizama kwenye madeni ya kodi na kufungwa mwaka 1975, takriban mwaka mmoja tu baada ya albamu hii kutoka. Withers alikwisha gombana nao kuhusu malipo. Alisimulia mwenyewe kwamba kwa hasira alifuta albamu nzima aliyokuwa ameshairekodi kwa ajili yao. Akahamia kampuni ya Columbia, na +'Justments ikabaki bila mwenye kuihangaikia. Kwa miaka mingi haikuchapishwa tena. Iliporudi vizuri mikononi mwa watu ni mwaka 2012, ndani ya kasha la albamu zake zote tisa, na kasha hilo likashinda Grammy ya kazi za kihistoria mwaka 2014. Miaka yote hiyo nyimbo zake nyingine zilikuwa zinapigwa kwenye harusi na matanga ya dunia nzima, na hii haipatikani dukani. Hilo linaniuma hata sasa.

Nirudi kwenye masikio yangu. Nilichofanya ni kile ninachofanya na wimbo wowote ninaotakiwa kuupiga kesho yake: nikaacha kuusikiliza kama msikilizaji, nikaufuata mpigaji mmoja mmoja. Jambo la kwanza lilikuwa spika. Spika ya simu haitoi besi, na albamu hii imesimama juu ya besi na drams; ukiziondoa hizo unabaki na mtu anayelalamika peke yake. Nikaipiga kwenye spika ya mazoezi, ile kubwa, asubuhi ambapo hakuna mtu ukumbini, nikakaa sakafuni na besi mapajani bila kuiunganisha na umeme.

Mpiga besi wa Withers aliitwa Melvin Dunlap. Yeye, Gadson, Ray Jackson wa kinanda na Benorce Blackmon wa gita walitoka Watts 103rd Street Rhythm Band ya Los Angeles, na ndio walioitayarisha Still Bill pamoja na Withers. Kwa hiyo kufikia 1974 walikuwa wanajuana pumzi. Dunlap hapigi noti nyingi. Nilipojaribu kumfuata kwenye "You", wimbo unaofungua albamu, niligundua kwamba vidole vyangu vilitaka kuongeza vitu kila baada ya mizunguko miwili, na kila nilipoongeza, wimbo ulilegea. Mdundo unazunguka palepale kwa zaidi ya dakika tano, na juu yake Withers anamwaga maneno kwa mtu aliyemkosea, maneno mengi kuliko muziki wenyewe, karibu bila tuni. Anamrudishia huyo mtu kila alichomwambia, hadi ile ya kwamba anahitaji daktari wa akili. Ukiwa umeshika besi ndipo unaelewa: kama bendi ingebadilika chini yake, hasira ile ingepata pa kutokea. Wao wanamfungia mlango, na anaendelea kusema.

Kuanzia hapo nikawa na njia. Wimbo wa pili, "The Same Love That Made Me Laugh", unasema penzi lililomchekesha ndilo linalomliza sasa, na bendi inaupiga kwa mwendo ambao ungeweza kuuchezea. Gadson anabaki mtulivu kabisa. Nilimpigia simu mpiga drams wetu nikamwambia sijaona mahali alipojionyesha. Akacheka, akasema, "Endelea kutafuta."

Wimbo wa tatu ulinishangaza kwa sababu hauna mdundo wa kutikisia mguu. Ni "Stories", na ndani yake kuna kinubi. Anayekipiga kwenye albamu hii ni Dorothy Ashby, mwanamke wa Detroit aliyekifanya kinubi kiwe ala ya jazi wakati ambapo karibu kila mtu alikiona ni cha okestra za kizungu tu. Withers anaimba kwamba kila mtu, kijana kwa mzee, ana kisa cha kusimulia. Ni wazo jepesi sana, na kwa mwimbaji mwingine ungekuwa wimbo wa kadi ya sikukuu. Kwake unakuja mara baada ya nyimbo mbili za ugomvi na majonzi, kwa hiyo unausikia kama mtu aliyenyamaza akakumbuka kwamba hata yule aliyemkosea ana upande wake. Ndiyo sababu nasisitiza nyimbo hizi zisikilizwe kwa mpangilio wake. Simu ilipokuwa inazichanganya ovyo, sikuona lolote la haya.

"Green Grass" naipita. "Ruby Lee" ina mzunguko mzito wa besi ambao nimeuiba mara kadhaa nikauweka kwenye nyimbo zetu, na hakuna meneja wa hoteli aliyewahi kuuliza umetoka wapi.

Upande wa pili wa santuri unaanza na "Heartbreak Road", kisha unakuja wimbo ambao mimi huuona ndio moyo wa albamu yote. "Can We Pretend" haukuandikwa na Withers. Uliandikwa na mkewe, mwigizaji Denise Nicholas. Walioana mwaka 1973, na ndoa yao ilivunjika mwaka uliofuata, mwaka uleule wa albamu hii. Wimbo unauliza kama wanaweza kujifanya kwamba jana haikuwepo. Nilipojua ni nani aliyeandika maneno yale, ilibidi niusikilize tena papo hapo. Ni mwanamume anayetoa kwa sauti yake ombi lililoandikwa na mke anayeachana naye, katika albamu iliyofunguliwa kwa hasira ya dakika tano. Gita linalolia humo ni la José Feliciano, na linapigwa kwa upole ambao haumhurumii mtu. Nimewahi kuusikiliza nikiwa na mgogoro wangu nyumbani, nikauzima katikati.

"Liza" inafuata, kinanda cha umeme na sauti ya mtu anayembembeleza mdogo wake wa kiroho. "Make a Smile for Me" kwangu ina sukari nyingi; najua wanaoipenda, nami nawaachia.

Mwisho ni "Railroad Man", zaidi ya dakika sita, na hapa ndipo nilipomwita baba. Mzee alifanya kazi relwe, Changamwe, tangu ujana wake. Hapendi muziki wa kizungu, anasema hauna gita. Nilimwambia, "Baba, huyu anaimba habari za reli, naomba usikilize mpaka mwisho." Alisikiliza hadi ile sehemu ambapo maneno yanakwisha na bendi inaendelea yenyewe, Gadson na Dunlap wakizungusha bila haraka. Baba akaanza kugonga ukingo wa kiti. "Hii ni ya mizigo," akasema. "Ya abiria haitembei hivi." Sijui kama Withers aliwaza treni za mizigo, lakini alikotoka, reli ilikuwepo kwa ajili ya kubeba makaa.

Kitu kingine kilichonisaidia ni Kinshasa. Septemba 1974 lilifanyika tamasha la siku tatu kwenye uwanja wa Stade du 20 Mai, lililopangwa liende sambamba na pambano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman, kabla pambano lenyewe halijaahirishwa hadi Oktoba kwa sababu Foreman alipasuka juu ya jicho mazoezini. James Brown alikuwepo, B.B. King alikuwepo, Miriam Makeba, Celia Cruz, na wenyeji Franco na Tabu Ley. Withers naye alikuwepo, miezi michache tu baada ya albamu hii. Filamu ya tamasha hilo, Soul Power, inamwonyesha ameketi na gita lake, peke yake, akiimba "Hope She'll Be Happier", wimbo wa albamu yake ya kwanza unaomtakia heri mwanamke aliyeondoka. Uwanja mzima mbele yake, na hakuongeza sauti hata kidogo. Sisi wapigaji wa huku tumelelewa na muziki uliotoka Kinshasa, tunaijua hiyo hadhira, tunajua inavyotaka sebene, ile sehemu ya magita ya kuchezea. Kwenda pale na kuimba kwa utulivu ule kulihitaji mtu anayeuamini utulivu wake. Baada ya kuiona filamu hiyo, nilirudi kwenye +'Justments nikasikia kwamba kutopandisha sauti ndiyo njia yake ya kusema mambo makubwa, na kwamba nilikuwa nasubiri kelele ambazo hakukusudia kuzipiga.

Alikaa kwenye biashara hii hadi 1985, akatoa albamu yake ya mwisho, akaondoka, na hakurudi. Alifariki Machi 2020. Wiki ile redio zetu zilipiga zile nyimbo tatu mfululizo, na zilistahili. Mimi nilikuwa nyumbani kwa sababu mahoteli yalikuwa yamefungwa, na niliipiga hii kuanzia "You" hadi mwisho, kwenye spika kubwa, majirani wakiwa wote ndani.

Mahoteli yalipofunguliwa niliwaomba wenzangu tuingize wimbo mmoja wa albamu hii kwenye orodha yetu. Tulichagua "Heartbreak Road", kwa kuwa una mwendo mwepesi na habari yake kila mtu anaielewa: barabara ya kuvunjika moyo ina mashimo, mwenye rafiki wa kumshika mkono atapita. Tuliupiga kati ya "Malaika" na "Lean on Me", watu wakala chakula chao kama kawaida. Mzee mmoja wa Kimarekani, mweusi, mwenye fimbo, aliinuka mezani kwake akaja hadi mbele ya jukwaa, akasimama hapo mpaka tukamaliza. Alitaka kujua kama tunaujua na "Can We Pretend". Nikamwambia bado. Mpiga gita wetu amekuwa akiufanyia kazi tangu siku hiyo kwa gita la nyuzi za nailoni aliloazima, na sehemu ya besi ninayo tayari: ni noti chache sana, na nimejizuia nisiongeze.