Dani na mdahalo wa Kiingereza

Jumatatu ya tarehe 11 Februari 2013 sebule ya Dani, yaani nyanya yangu, pale Nyalenda, Kisumu, ilijaa majirani mapema. Ndio ulikuwa mdahalo wa kwanza wa wagombea urais kuwahi kufanyika Kenya, na runinga yake ya mgongo mkubwa ilikuwa inashika vizuri usiku huo. Kinyozi wa jirani alikuja na daftari, kaligawa safu nane, kila mgombea na yake, na kalamu sikioni. Alisema atatoa maksi.

Dani hakujua Kiingereza. Nikajipa kazi ya ukalimani: ukabila, kisha kesi ya Hague iliyomkabili Uhuru Kenyatta kwa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Yeye alikaa kwenye kigoda akichambua omena kwenye uteo, akiinua macho mara moja moja. Haikupita nusu saa akaniambia, "Nyakwara, mjukuu wangu, hebu nyamaza kidogo. Unanizuia kuwaona."

Basi nikanyamaza, nikawa namwangalia yeye. Mohammed Abduba Dida alipoanza kusema, Dani akacheka. "Huyu ameshika chaki." Kweli, Dida alikuwa mwalimu, na hakuna aliyekuwa amemwambia. Martha Karua, mwanamke pekee pale, akamwitikia kwa kichwa kila alipomaliza hoja, kama wanavyoitikiana akina mama chamani.

Kisha Raila Odinga akasema ni vigumu kuendesha serikali kwa Skype kutoka Hague. Sebule ikalipuka, kinyozi akamwongezea maksi mbili papo hapo. Dani hakuuliza kilichosemwa. Alikuwa anamkazia macho Uhuru. "Ametaniwa, na hajakasirika," akasema, kisha akatupa kichwa cha omena chini kwa paka. Kinyozi hakupenda. Mimi pia, nikiri, sikupenda. Nilitaka mtu wetu, Raila, ashinde hata kwa macho ya Dani.

Mdahalo ulipokwisha, baada ya saa tatu na zaidi, wagombea wakapeana mikono jukwaani, wakicheka. Dani akaweka uteo chini.

"Kumbe wanajuana hivi?"

Hakuna aliyejibu. Akamgeukia kinyozi, ambaye kibanda chake cha Kondele kiliteketea Januari 2008, katika ghasia zile.

"Na wewe, kile kibanda ulilipwa?"

"La, Dani."

"Mm."

Akarudi kwenye omena zake. Kinyozi akajumlisha maksi kimya kimya, hakututangazia. Mdahalo wa pili, tarehe 25 mwezi huohuo, alikuja tena. Daftari aliliacha kwake.