Kuinuka au Kukaa: Nilivyoamua Troti ya Farasi Wangu Hapa Tabora

Farasi Tabora ni wa kutafuta. Miombo imetuzunguka, mbung'o wamo, na mbung'o na farasi hawakai pamoja. Henry Morton Stanley, yule aliyekuja kumtafuta Livingstone, alipokuja huku mwaka 1871 alianza safari na farasi wawili. Wote walikufa mapema njiani baada ya kuiacha Bagamoyo, Kwihara ya hapa jirani na Tabora hawakuiona. Wangu anaitwa Asali, jike la makamo nililoachiwa na tajiri wangu wa Arusha alipohama nchi. Kwake nilikuwa saisi, yaani mtunza farasi, kwa miaka mingi. Jua likizama Asali yuko ndani ya wavu, sindano zake hazichelewi, na porini hakanyagi. Utunzaji wake ni habari ndefu. Leo nina la troti, ule mwendo wake ulio kati ya kutembea na kukimbia.

Kwa asiyeujua mchezo: katika dresaji unapewa karatasi yenye orodha ya miondoko, unaifuata ndani ya kiwanja cha mita 20 kwa 40 kilichozungushiwa herufi, na jaji anatoa alama kuanzia 0 hadi 10 kwa kila mwondoko. Siku hizi yapo mashindano ya video. Unajirekodi huko huko uliko, bila kukata wala kuunga, unatuma, na karatasi ya alama inarudi. Kwangu hiyo ndiyo njia, maana kumpakia Asali kwenye lori hadi Arusha kwa ajili ya dakika chache za uwanjani ni kumwonea.

Karatasi niliyochagua ni ya ngazi za mwanzo, na imeeleza kwamba troti inaweza kupandwa kwa kukaa au kwa kuinuka. Mpandaji aamue mwenyewe. Kuamua ndiko kulikonisumbua.

Troti ni mwendo wa mishindo miwili. Mguu wa mbele wa kulia unakwenda pamoja na wa nyuma wa kushoto, kisha jozi ya pili, na kati ya jozi na jozi farasi yuko hewani kidogo. Ukikaa, mgongo wake unakupokea kila mshindo. Ukiinuka, unapanda na mshindo mmoja na kushuka na unaofuata, kwa hiyo mgongo unapata kupumua. Kuinuka nako kuna utaratibu: bega la farasi la upande wa nje wa kiwanja likienda mbele, panda; likirudi, shuka. Ukibadili upande, kaa mishindo miwili mfululizo, halafu endelea. Hilo jaji aliyeketi pale herufi C, katikati ya upande mfupi, halimpiti.

Kule mabandani Arusha tulikuwa na maneno yetu. Anayekaa ni fundi, anayeinuka bado anajifunza. Nimeyasikia hayo mpaka kwa watu wenye buti za bei mbaya, na sasa nayaona ni majigambo tu. Soma karatasi ya jaji: hakuna mahali pa kukupa alama kwa sababu umekaa. Anatazama mdundo wa mwendo, ulegevu wa mgongo, farasi anavyoipokea lijamu, msukumo wa miguu ya nyuma, na wewe mwenyewe umekaaje juu ya tandiko. Ukikaa huku farasi amekaza mgongo na kunyanyua kichwa kama twiga, umelipa alama nyingi kununua sifa ya fundi.

Lakini kuinuka mwanzo hadi mwisho nako sikukutaka. Kumwomba Asali aingie kanta, yaani mbio za mishindo mitatu, wakati makalio yangu yako hewani ni kubahatisha, na kumsimamisha pale X, katikati ya kiwanja, ni vivyo hivyo. Nikahitaji kitu cha kunionyesha ukweli, si hisia zangu wala maneno ya mabandani.

Kitu hicho kilikuwa chini ya kwato. Udongo wetu wa Ipuli ni wa kichanga, na kiwanja changu nilikipima kwa kamba pamoja na jirani ambaye ni fundi mwashi. (Yeye ndiye aliyenisisitizia tupime mshazari, kona hadi kona mita 44 na sentimita 72, la sivyo pembe zimepinda. Herufi nilizipaka rangi kwenye madumu ya mafuta ya kula.) Nikawa nafagia upande mmoja mrefu kwa tawi la mwembe, napita na troti ya kukaa, nashuka kutazama nyayo. Nafagia tena, napita kwa kuinuka, natazama. Farasi aliyelegea mgongo, kwato yake ya nyuma inakuja kukanyaga alama ya ile ya mbele, au inaipita kidogo. Akikaza mgongo, ya nyuma inabaki fupi.

Mchanga haukunificha kitu. Asubuhi Asali akiwa hajapata joto, nikikaa, kwato ya nyuma inapungua kiganja kizima. Nikiinuka, kwato juu ya kwato. Akishapata joto mambo yanabadilika: nikikaa hatua chache tofauti haionekani, ila nikikaa mita zote 40 za upande mrefu, pengo linaanza kurudi katikati ya njia, karibu na dumu la E. Kumbe mgongo wake unanibeba vizuri, ila kwa muda mfupi tu. Hapo nikaacha kujiuliza nikae au niinuke, nikaanza kujiuliza nikae wapi.

Nikachukua karatasi na kalamu ya risasi. Kuingia pale A, mkabala na C, na kushika mstari wa kati nitainuka, kwa sababu Asali ana tabia ya kuegemea kulia na mwendo wa mbele ndio unaomnyoosha. Hatua chache kabla ya X nakaa, namsimamisha. Miduara ya mita 20, kuinuka. Kukata mshazari kubadili upande, kuinuka, na ile mishindo miwili ya kukaa naiweka juu ya X. Kona ya kabla ya kanta nakaa tangu naingia, ili anisikie kiunoni kabla sijamgusa kwa mguu. Akitoka kanta kurudi troti nakaa mpaka mdundo utulie, ndipo napanda. Mduara wa kumruhusu anyooshe shingo mbele na chini haukuwa na mjadala: karatasi yenyewe imetaja troti ya kuinuka, hata kama sehemu nyingine zote umekaa.

Mpwa wangu ndiye aliyeshika simu pale C. Baada ya zoezi akaniuliza, "Mjomba, mbona mara unakaa mara unainuka? Watasema umechoka."

"Waseme. Wewe usiitikise simu tu."

Mzee mmoja jirani, ambaye huja kukaa chini ya mwembe kila akisikia kwato, alikuwa na swali lake. "Kijana wangu, huyo mnyama ndiye anakurusha, au wewe ndiye unaruka?" Nikamjibu, "Shikamoo mzee, tunarushana." Aliridhika kuliko ningemweleza habari za mabega na mishindo.

Tulirekodi asubuhi mapema kabla upepo wa kiangazi haujaanza kupeperusha vumbi. Kutuma video kulikula bando na usiku mzima, intaneti yetu mnaijua.

Karatasi iliporudi, miduara ilipata 7. Kusimama kwa kwanza 6.5, kwa mwisho 6 kwa sababu mguu mmoja wa nyuma ulibaki nyuma. Kanta ya kushoto 7. Ya kulia 6, na jaji akaandika kwamba farasi alikimbia kidogo kabla ya kuingia. Nikarudi kwenye video: ni kweli, kule kulia nilikaa muda mrefu zaidi, nikingoja dumu la herufi lifike. Kuhusu kuchanganya kukaa na kuinuka hakuandika neno, ila kwenye nafasi ya mpandaji aliandika kwamba mabadiliko yangu ni tulivu.

Kwa hiyo kona ya kulia nimeifupisha: siku hizi naingia nikiinuka, nakaa katikati yake, na namwomba kanta bado mgongo haujachoka. Kwa troti ya kukaa peke yake, kila wiki namwongezea Asali hatua kidogo upande mrefu, kisha nashuka kutazama mchanga. Pengo likionekana, tunarudi tulipokuwa wiki iliyopita. Karatasi ya ngazi inayofuata nimeshaipakua, na nayo bado inaruhusu kuinuka. Nitainuka.