Jiwe langu nililinasa kwa chujio la chai

Hapa Moshi kila mtu ni daktari wa figo. Ubavu uliponianza kuuma, shemeji alinikataza maziwa, jirani akanikataza mchicha, na fundi mmoja pale Mbuyuni akasema ni chumvi ya maji ya kisima, ninywe bia isafishe njia. Wote wana uhakika, na jiwe lenyewe la figo hakuna aliyeliona!

Eksirei haikuonyesha kitu. Ultrasaundi ikaonyesha mawe mawili. Daktari akakuna kidevu, akasema: likitoka, usilitupe, nataka lipimwe.

Kulinasa kwenye mkojo sasa. Nilianza na shashi ya kufungia vidonda niliyoishika kwa vidole. Ikaloa, ikateleza, ikaenda na maji. Soksi ndefu ya mama watoto nayo ilichuruzika kila upande isipokuwa ndani ya kopo. Mwisho nikachukua chujio la chai, la waya mwembamba, nikalipachika mdomoni mwa kopo la rangi nililoliosha. Mama watoto akaandika ubavuni kwa maka peni, SI LA CHAI, kisha akalificha lake jipya. Usiku mmoja nikasikia "ti!" Kajiwe ka njano iliyokolea. Nilishangilia kama Yanga wamefunga dakika ya tisini.

Lisuuze, likauke, litie kwenye kichupa kikavu. Usilitie kwenye spiriti. Hapa walilipokea tu, likasafirishwa Dar. Ilinigharimu laki na ushee, ukiacha vocha za kuulizia majibu. Kule hulisaga na kulipiga miale ya infraredi, maana kila madini hufyonza miale kwa namna yake.

Majibu: asidi ya yuriki, taka ya mwili inayoongezwa na nyama na bia. Wengi huwa na jiwe la kalsiamu oksaleti (oksaleti ndiyo iliyojaa kwenye mchicha), mimi simo. Mchicha na maziwa vikafutiwa kesi. Washtakiwa wakawa nyama choma, maini na bia ya yule fundi. Na hata mwenye oksaleti asikimbilie kuacha maziwa, kwa sababu kalsiamu ya chakula huishika oksaleti humo humo tumboni.

Uzuri wa jiwe la yuriki, linayeyuka. Nilipewa potasiamu sitrati, dawa ya kupunguza uchachu wa mkojo, nikawa napima mkojo kwa vijikaratasi ili pH, yaani kipimo cha uchachu, icheze kwenye 6.5, na maji nikayabugia. Jiwe la pili likayeyuka, ultrasaundi ya baadaye ikalikosa, sikupasuliwa. Lingekuwa la kalsiamu, dawa hiyo isingeliyeyusha.

Kuna mhudumu aliwahi kuniambia mawe yote ni yale yale, nisipoteze hela. Siku hizi mtu akiniambia hivyo namuuliza: la kwako ulilipima wapi?