"Mimi sili mwezi": siku yangu moja kati ya Feri, Buguruni na jiko la Kisutu

Saa 10:15 alfajiri, Keko

Naamka kabla simu haijalia. Ni Julai, kipupwe chenyewe, na maji ya ndoo yanauma mgongoni. Nikitoka uani nauona mwezi umeelemea magharibi, mpana na mweupe kama sahani ya pilau. Hapo hapo najua: leo Feri, soko la samaki, hakuna vibua.

Kazi yangu ni kununua na kupika katika mgahawa mdogo wa Kisutu, meza tisa, wateja wengi ni watu wa maofisini. Menyu ya kuchapwa hatuna. Tuna ubao mweusi mlangoni na chaki, na bosi wangu, Mama Mkubwa, kaniachia mimi kuuandika. Ana sharti moja tu: nisiandike kitu ambacho hakijaingia jikoni. Nililivunja mara moja, nikaandika "changu wa kupaka" nikiwa bado niko kwenye bodaboda. Sitaki kuikumbuka siku ile.

Saa 11:00 alfajiri, Feri

Ukishuka hapa usiku bado, kitu cha kwanza kinachokupokea si harufu, ni kelele za madalali. Samaki wanamwagwa chini kwa mafungu, dalali anataja bei, wanunuzi wanapandisha kwa kidole au kwa nyusi, na kabla hujameza mate fungu limeshapata mwenyewe. Asiyezoea anarudi nyumbani na samaki asiowataka kwa sababu alijikuna sikio.

Vibua, kweli, hakuna. Mboga hii ya kila siku ya Dar inavuliwa usiku, kwa taa. Boti zinawasha taa baharini, dagaa na vibua wanafuata mwanga, wavu unazungushwa. Sasa mwezi ukiwa mpevu bahari nzima ina mwanga, taa ya mvuvi inawavutia wapi tena? Samaki wanatawanyika na boti nyingi zinapumzika. Ongeza na kusi inayovuma miezi hii, mawimbi yamechafuka, wenye ngalawa hawaendi mbali. Wachache waliokuwepo, bei yao ilinifanya niulize mara mbili.

Lakini mwezi huo huo unaoficha vibua unaleta pweza. Ukiwa mpevu ni bamvua: maji yanajaa sana, halafu yanakupwa sana, hadi miamba ambayo siku nyingine imefunikwa inabaki wazi. Watu wanatembea juu yake kwa miguu na vijiti, wanachokoa shimo kwa shimo, na pweza wa jana ndiye aliyelala mezani Feri leo. Nikachukua kilo kumi na mbili. Mzee ninayenunua kwake nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaninyanyulia mmoja kwa kichwa: "Mwanangu, huyu hata jana hajaiona vizuri." Nikacheka, na bado nikamgeuza na kumnusa. Kucheka na kuamini ni vitu viwili.

Nikachukua na fungu moja la changu. Hapa niliteleza. Wa juu nilifungua mashavu, mekundu kama damu. Wa chini sikuwafikia, nilikuwa nawahi. Kwa waparaji ndipo nikaona watatu mashavu yao yameshakuwa ya kahawia na nyama ukiibonyeza hairudi. Kurudi kwa muuzaji? Fungu likishanunuliwa limenunuliwa. Wale watatu nikawaacha hapo hapo.

Saa 1:00 asubuhi, Buguruni

Ukitaka kujua Dar iko mwezi gani bila kutazama kalenda, njoo sokoni. Sasa hivi ni machungwa tu. Yamekaa kama vichuguu, yameshuka kutoka Muheza, na yanahesabiwa kwa mia. Ganda ni la kijani, na kila msimu lazima nimweleze mgeni mmoja kwamba yameiva. Chungwa linahitaji usiku wa baridi ili ganda ligeuke rangi, na pwani yetu baridi hiyo hatuna, hata kipupwe hiki ninacholalamikia alfajiri. Ndani ni sukari tupu. Nikachukua mia mbili, baada ya kukatiwa moja na kulinyonya nikiwa nimesimama. Kifungua kinywa ndicho hicho.

Embe sikuuliza. Zipo chache mahali fulani, za bei ya harusi, na msimu wenyewe mkubwa ni mpaka Novemba huko. Mteja akitaka juisi ya embe Julai namwambia asubiri.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni mbaazi mbichi. Zile za kijani, zimemenywa, zimo kwenye sado, mama aliyezimenya vidole bado vina rangi. Ndizo za wiki chache tu kwa mwaka. Baadaye zinakauka na tunarudi kwenye zile za kuloweka usiku kucha. Mbaazi mbichi hazilowekwi, na ladha yake iko karibu na njegere kuliko na maharage. Nikanunua sado tatu, nikaongeza nazi thelathini, kila moja nimeitikisa sikioni. Isiyolia maji naiacha.

Mchele niliuchukua haraka kwenye duka nisilolizoea. "Wa zamani huu?" Wa zamani, dada. Nikaamini. Usimwamini mtu wa mchele mwezi wa saba.

Saa 2:45 asubuhi, Kisutu

Kirikuu inashusha mzigo. Mama Mkubwa anaingiza mkono kwenye mfuko wa mchele kabla hata hajanisalimu, anachota, ananusa, anang'ata punje moja.

"Huu umevunwa juzi."

Kwa anayekula nyumbani mchele mpya ni raha: unanukia, ni laini. Kwa anayepika pilau la watu hamsini ni balaa. Bado una unyevu wake, ukiutilia maji ya kawaida unagandana, na pilau likishakuwa bokoboko hakuna kiungo kinacholiokoa. Pilau linataka mchele uliokaa ghalani miezi, ukakauka, punje isimame yenyewe.

Nikafuta "pilau" ubaoni. Nikaandika "wali wa nazi", nikapunguza maji, tui la pili nikalipima kwa jicho, la kwanza nikalibakiza la kumalizia. Makaa juu ya kifuniko. Mama Mkubwa hakusema neno, na kwa anayemjua, hiyo ndiyo adhabu.

Pweza nilimpiga kwanza, mchi na kibao, mpaka dada wa kaunta akaja kuuliza kama kuna ugomvi. Halafu akachemka taratibu bila chumvi, maana chumvi ya mapema naona inamkaza. Amejaa maji yake mwenyewe, humwongezei mengi. Akilainika ndipo nakata, naunga na kitunguu, nyanya, bizari, ndimu, tui zito mwishoni. Mbaazi nilizipika kwa tui na chumvi tu, na pilipili nzima moja isiyopasuka. Nikiziweka viungo vingi nazinunulia nini mbichi?

Saa 6:30 mchana

Ubao wa leo: wali wa nazi, mbaazi mbichi, pweza wa nazi, changu wa kukaanga (wachache), mchicha, juisi ya machungwa.

Saa saba kasorobo meza zimejaa na watu wamesimama mlangoni. Kuanzia hapo siku hainioni wala mimi siioni. Changu waliisha kwa dakika ishirini.

Kuna mzee mmoja, mstaafu, anakaa meza ya ukutani kila siku za kazi. Yeye ni kibua wa kukaanga, ugali, kachumbari, pilipili ya kusaga. Miaka yote. Leo kausoma ubao, kaivua miwani, kaivaa tena, kaniita.

"Vibua viko wapi?"

"Shikamoo mzee. Mwezi mpevu, hawakuvuliwa."

"Marahaba. Mimi sili mwezi."

Meza ya jirani wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Nikamletea mbaazi kwenye kibakuli, kidogo, bila kumwuliza. Akaonja kwa ncha ya kijiko kama anayepewa dawa. Akanyamaza. Kisha akauliza kama hizo ndizo alizokuwa akipikiwa na bibi yake Lindi, zile za kutoka shambani. Nikamwambia za kutoka shambani ndizo hizo. Akaagiza wali, na pweza pia, ingawa aliniambia pweza ni chakula cha vijana wenye shida zao.

Saa 10:00 alasiri

Sufuria zimeoshwa. Ukoko wa wali wa nazi tumegawana mimi na dada wa kaunta. Huo hauandikwi ubaoni na hauuzwi. Hesabu, kufagia, viatu.

Saa 12:45 jioni, Coco Beach

Watu wanauliza mpishi anakula nini akitoka kazini. Anakula alichopika mwingine. Mdogo wangu kanikuta hapa na tumekaa kwenye viti vya plastiki mbele ya karai la mihogo. Nimejiapiza leo sichunguzi, nakula tu. Sijafika mbali. Nikaona kijana anachemsha muhogo kwanza, anauacha upoe, ndipo anautia kwenye mafuta; ndiyo maana wake unapasuka ndani kama unga na nje una ganda. Jirani yake anautia mbichi. Chachandu yake ina embe mbichi kidogo, Julai hii! Nikamwuliza kaipata wapi. Akatabasamu na kuniongezea kipande cha muhogo, maana yake nisirudie swali.

Mishkaki ilikuwa ya kawaida. Mdogo wangu anasema kula nje na mimi ni kama kwenda sinema na fundi umeme.

Mwezi ukatoka baharini mbele yetu, mwekundu kwanza, halafu njano. Watu wakatoa simu kupiga picha. Mimi nikawa nahesabu kwa vidole siku za kufika giza, boti zitoke tena na taa zao.

Simu ikaingia ujumbe. Mama Mkubwa: "Kesho mchele nitanunua mimi."