Si amesoma kilichoandikwa?

Tangu Jumanne neno la yule bibi halijanitoka kichwani. Najua mlikuwa mnasubiri habari za wathibiti ubora wa shule (walikuja, wakakagua, tukabaki salama) na za paa la darasa la nne lililoezuliwa na upepo, lakini hayo yatangoja.

Bibi alifuata ripoti ya mjukuu wake wa darasa la pili, yule wa dawati la dirishani anayesoma Kiswahili mpaka darasa la jirani wanamsikia. Ripoti ni ya muhula uliopita, kabla sijalichukua darasa. Kusoma ana A. Kwenye Kiingereza pameandikwa maneno mawili tu: "Hawezi kusoma."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nielewesheni hapa. Anaweza au hawezi?"

Nikafungua kitabu, mtoto akaitwa asome mstari mmoja: *I like the kite*. Akasoma bila kusita: "I li-ke the ki-te." Ile *the* aliitoa kama mwanzo wa thelathini. Bibi akanitazama. "Sasa mwalimu, si amesoma kilichoandikwa?"

"Amesoma kilichoandikwa, bibi, ila kwa kanuni za Kiswahili."

"Basi mfundisheni hizo kanuni nyingine. Kwani hizi alizaliwa nazo?"

Kwani hizi alizaliwa nazo. Nimelirudia neno hilo nikipika, nikisahihisha, hata kwenye daladala. Maana ni kweli tupu. Mtoto huyu alifundishwa kwamba i ni i popote utakapoikuta, na kwamba k ikikutana na i hupati kingine ila ki. Akaamini, akafanya mazoezi, akafaulu. Halafu tukampa maandishi yenye herufi zilezile, yanayofuata kanuni nyingine, bila kumwambia kwamba kanuni zimebadilika. Alipotumia alichojua, tukamwandikia hawezi. Limeniuma, na bado linaniuma.

Kiswahili kina irabu tano, na kila moja ina sauti yake isiyohama. Kiingereza kinatumia herufi 26 kubeba sauti zipatazo 44, kwa hiyo herufi moja inabebeshwa kazi nyingi. Tazama a peke yake: *cat*, *cake*, *car*, *ball*. Mtoto anayesoma zote kwa a ya "baba" ana akili timamu. Anachokosa ni mtu wa kumwonyesha a inabadilika lini.

Tatizo la pili ni silabi. Kiswahili tunafundisha ba be bi bo bu, na konsonanti haisimami peke yake ila m au n pale mwanzoni mwa mtu na nchi. Neno linaishia kwa irabu. Ndiyo maana ukimwandikia *kit* anasoma "kiti", na *bed* inakuwa "bedi". Anafunga neno kama alivyozoea. Mwalimu naye akitamka t kama "ti" au "tee", kosa linapata nguvu, kwa sababu mtoto akiunganisha k na i na "ti" hawezi kufika pengine ila kwenye kiti.

Ninavyofanya ni kuanzia kwenye silabi anayoijua. Sianzi k, i, t. Naandika *ki*, darasa zima linasoma, kisha naongeza t pembeni kwa rangi nyingine: ki... t. Vilevile pe-n, te-n, be-d, ne-t. Kila mtoto anaweka kiganja mbele ya mdomo. Kwenye t ya mwisho anatakiwa asikie pumzi fupi tu, koo likiwa kimya. Koo likilia, ameongeza irabu. Wanajisahihisha wenyewe na kusahihishana, na darasa la watoto sabini na kitu linahitaji hilo, kwa sababu siwezi kuyafikia masikio yote.

Naanza na e ya *pen*, *hen*, *red*, *leg*, kwa kuwa iko karibu sana na e yetu. Najua vitabu vingi vinaanza na a ya *cat*. Kwa watoto wetu naiona ngumu kuanzia, maana *cat* na *cut* masikioni mwao ni neno moja. Waache kwanza washinde na e, wapate moyo, a itakuja.

Na hapa moyo wangu ukaanza kutulia, kwa sababu nilipokaa kuandika hesabu ya vile ambavyo mtoto wa Kiswahili anavyo tayari, karatasi ilijaa. Sh ya shule ndiyo ya *ship*. Ch ya chai ndiyo ya *chair*. Ng' ya ng'ombe inafunga *sing*, na ng ya ngoma imo katikati ya *finger*. Th ya thelathini ndiyo ya *think*, na dh ya dhahabu ndiyo inayofungua *this*, *that* na hiyo *the* iliyomkwamisha. Watu wa mataifa mengine wanahangaika miaka na sauti hizi mbili, sisi tunazo kwenye kuhesabu na kwenye vito! Wapo watoto wanaosema "selasini" na "zahabu". Hao nawarudisha kwanza kwenye Kiswahili: ncha ya ulimi itokeze kidogo kati ya meno, pumzi ipite. Ikikaa kwenye thelathini, kwenye *think* inakaa bila kugombana.

Kwa *like* na *kite* ninatumia kadi ya kukunja. Kipande cha manila kirefu kama rula fupi, naandika *kit*, nabakiza nafasi mwishoni, naandika e, kisha nakunja ile e kwa nyuma isionekane. Wanasoma *kit*. Nakunjua, e inatokea, nawaambia: hii e haisemi, imekuja kuiambia i iseme jina lake la Kiingereza. *Kite*. Kunja, kunjua. *Cap, cape. Hop, hope. Cub, cube.* Kadi nane zinatosha wiki. Kinachoharibika hapa ni haraka: usilete kadi hizi kabla *kit* haijasomeka bila irabu ya mwisho, la sivyo mtoto atadhani *kit* na *kite* ni yaleyale aliyokuwa anasema mwanzo. Na usiichanganye na *come* wala *have*, ambazo e yake haifanyi kazi hiyo. Hizo zinakwenda ukutani pamoja na *said*, *was* na *one*, maneno ya kujulikana kwa sura, matatu kwa wiki. Zaidi ya hapo yanasukumana.

Halafu maana. Sisomeshi neno ambalo darasa halijalisikia wala kulitumia kwa mdomo. Tiara ilikuja darasani, ikashikwa, ikaitwa *kite*, ikarushwa uwanjani, ndipo ikaandikwa. Mtaala ulioanza Januari 2024 umeleta Kiingereza hadi darasa la kwanza, nami naunga mkono, ila miezi ya mwanzo iwe nyimbo, amri na vitu vya kushika: *stand up, touch the door, give me the red cup*. Mtoto ambaye bado anaitafuta a ya Kiswahili asipewe a ya pili wiki hiyohiyo. Akisharidhika na silabi zake, mlete kwenye maandishi ya Kiingereza.

Kwenye imla nampa alama mbili kila neno. Akiandika "haus", ya kwanza anapata yote kwa sababu amesikia kila sauti na kuiwekea herufi. Ya pili ni ya tahajia, hiyo hajaipata bado, na pembeni namwandikia *house* aiige mara tatu. Alama ya kwanza inaniambia masikio yakoje, ya pili inaniambia jicho limekutana na neno hilo mara ngapi. Ukiziweka pamoja kwenye sifuri moja nyekundu, hutajua ufundishe nini kesho.

Leo asubuhi mjukuu wa bibi alisoma kadi zote nane. Kwenye *cube* alisimama, akaikunja e mwenyewe, akasoma *cub*, akaikunjua, akasema *cube* kwa sauti ileile ya kusikika darasa la jirani. Nimeandika kwenye daftari lake: "Anasoma Kiswahili vizuri sana. Anajifunza kanuni za Kiingereza, ameshika e ya mwisho." Bibi atasomewa na mjukuu mwenyewe.

Kesho ni kadi za o na a. Manila zimebaki mbili, mafundi wa paa wanakuja Jumatatu. Ila usiku huu kinachoninyima usingizi ni dawa za presha za mama. Zinaisha Ijumaa, lile duka la karibu limefungwa tangu juzi, na kaka niliyemtumia hela azinunue mjini hapokei simu.